Namna ya Kupima Ubora wa Mlinganyo Uliotatuliwa

Jibu peke yake halitoshi kuonyesha kwamba mlinganyo umetatuliwa vizuri, maana jibu sahihi hupatikana hata kwa kubahatisha. Kazi bora ni ile ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata mstari kwa mstari na kuipinga mahali inapokosea. Tuchukue makarasha mawili, yaani mashine za kusaga mawe ya dhahabu, jambo ambalo mwenye duara (shimo la kuchimbia) kwenye machimbo ya Nyarugusu au Mwakitolyo hahitaji kuelezwa. Tuseme la kwanza linatoza shilingi 5,000 kwa kila mfuko wa mawe, na la pili linadai 20,000 za kuanzia, kisha 3,000 kwa mfuko. Gharama zitalingana kwa mifuko mingapi? Kazi safi hutamka kwanza kwamba m ni idadi ya mifuko, ndipo ikaandika 5,000m = 20,000 + 3,000m. Hutoa 3,000m pande zote mbili, ikabaki 2,000m = 20,000, na m ni 10. Kisha hurudi kujihakiki: 50,000 huku, 20,000 na 30,000 kule. Mwanafunzi aliyezoeshwa "kuhamisha" namba, akisahau kubadili alama, hupata 8,000m = 20,000, yaani mifuko miwili na nusu. Kwa macho kazi yake inapendeza. Ukiirudisha kwenye swali, upande mmoja unasoma 12,500 na mwingine 27,500. Ndiyo sababu uhakiki nauweka juu ya mwandiko, juu ya kasi, hata juu ya ufupi.

Wapo watakaosema kwamba wachimbaji wazoefu hukokotoa kichwani na hawakosei. Ni kweli, hesabu ikienda mbele. Ikirudi nyuma, kichwa huteleza. Kwa mfano, mwaka 2017 nchini Tanzania mrabaha wa dhahabu, yaani tozo ya serikali kwenye mauzo, ulipandishwa kutoka asilimia 4 hadi 6, na ikawekwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Kwa makato hayo ya asilimia 7, aliyebakiwa na shilingi 930,000 aliuza kwa bei gani? Wengi huongeza asilimia 7 juu ya kilichobaki, wakapata 995,100. Mlinganyo 0.93x = 930,000 unatoa milioni 1 kamili. Zile 4,900 za tofauti zimepotea kwa sababu asilimia ilikatwa kwenye bei, si kwenye masalio, na aliyeandika x ni nini asingeweza kulisahau hilo.

Mlinganyo ukichorwa kwenye grafu, tazama kwanza mihimili: kipimo kimoja kwa mistari yote, na sifuri ionekane. Mistari ya makarasha inakatana kwenye mfuko wa 10, na baada ya hapo karasha la pili ndilo nafuu. Mchoro unaoanzia mfuko wa 12 ungeyaficha makutano hayo kabisa, ingawa kila nukta yake ni sahihi. Mrabaha wa asilimia 4 na wa 6 ni habari nyingine: mistari yote huanzia sifuri, haikutani tena, na mwanya hupanuka, 20,000 kwa mauzo ya milioni 1, 200,000 kwa milioni 10. Anayelinganisha vizuri husema mistari inaanzia wapi kabla ya kusema upi umeinuka zaidi. Mkali wa hesabu atapinga kwamba mifuko huhesabiwa mizima, hivyo grafu ya makarasha ingepaswa kuwa nukta tu. Ana haki, mstari unaruhusiwa kwa kusaidia macho, ila thamani yoyote iliyosomwa katikati ya nukta mbili irudishwe kwenye mifuko mizima kabla ya kukubaliwa.