Lini, Wapi, Nani: Mipaka ya Akiolojia katika The Crossing Places

Riwaya ya upelelezi hujengwa juu ya swali moja: nani aliyeua? Tangu Sherlock Holmes, na katika Kiswahili tangu Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), jibu la swali hilo limekuwa milki ya mhusika mmoja mwenye akili kuwashinda wenziwe. Mtunzi Mwingereza Elly Griffiths anaikiuka kaida hii katika The Crossing Places (2009), ya kwanza katika mfululizo wa riwaya 15 uliohitimishwa mwaka wa 2023. Mhusika wake mkuu, Dkt. Ruth Galloway, ni mhadhiri wa akiolojia. Ujuzi wake ni wa kusoma mifupa, si nyoyo za watu. Makala haya yanadai kwamba nguvu ya riwaya hii imo katika mipaka ya ujuzi huo, na kwamba udhaifu wake unaanza pale mtunzi anapouweka ujuzi huo kando.

Mandhari ni kinamasi cha chumvi katika pwani ya Norfolk, ambako maji hujaa na kupwa, pasiwe nchi kavu wala bahari. Mifupa ya mtoto inapopatikana huko, Inspekta Mkuu Harry Nelson anaamini kuwa ni ya Lucy Downey, msichana aliyetoweka miaka kumi kabla. Ruth anabainisha kwamba ni ya Zama za Chuma, yapata miaka 2,000 iliyopita. Sayansi imejibu swali la lini, lakini jibu hilo halimfai Nelson kitu. Papo hapo linazuka suala zito la kimaadili. Kifo cha mtoto wa kale kinapokelewa na wataalamu kama ugunduzi. Kifo cha mtoto wa leo ni jinai. Je, ni umri wa maiti unaoamua iwapo itaombolezwa au itatiwa katika makumbusho? Usimulizi wa wakati uliopo unalikoleza swali hili, kwa kuwa unaziweka zama zote mbili katika "sasa" moja.

Anapotoweka mtoto mwingine, Scarlet Henderson, ujuzi wa Ruth unajibu swali la pili: wapi. Vigingi vya kale vilivyoashiria njia kinamasini vinawaongoza hadi kwenye kaburi jipya. Hapa msuko na akiolojia vinashikana barabara. Duara la magogo linalotajwa riwayani nalo lina mfano wake halisi: lile lililogunduliwa Holme-next-the-Sea mwaka wa 1998, lenye nguzo 55 za mwaloni zilizozunguka kisiki kilichopinduliwa, na ambalo kung'olewa kwake kulipingwa na walioliona kuwa mahali patakatifu. Mgogoro huo unapata sauti riwayani kupitia kwa Cathbad.

Ulinganisho na Mzimu wa Watu wa Kale unafaa. Katika riwaya zote mbili pahali pa ibada ya kale panageuka pazia la uovu wa leo. Barua zisizo na jina anazopelekewa Nelson, zilizojaa madokezo ya matambiko, zinamvuta atazame nyuma ilhali mhalifu yu hai karibu naye. Bwana Msa huliraua pazia hilo kwa mantiki, akiwa nje ya mambo. Ruth yumo ndani: wanaoshukiwa ni walimu na rafiki zake, na usomi haumkingi.

Swali la tatu, nani, ndilo linaloishinda riwaya. Fumbo la Lucy linafumbuliwa katika usiku wa dhoruba, mtaalamu akiwa mwenye kuwindwa, na bahati ikitenda kazi ambayo hoja ingepaswa kuitenda. Taharuki ni kubwa, lakini msomaji aliyefunzwa kusoma udongo anaachwa bila cha kusoma. Hata hivyo, Griffiths ameonyesha jambo ambalo riwaya ya upelelezi hulikiri kwa nadra: mjuzi anaweza kuitaja siku ya maiti na mahali pake, na bado asimjue jirani yake.