Ufundi wa Kuchagua Chuma Chakavu

Tangu magari yalipozoeleka kandokando ya Mlima Meru, wafuachuma wa Kimaasai, Ilkunono, wamekuwa wakifua simi kwa springi za magari mabovu. Kwao chuma kizuri hakitupwi, hubadilishwa kazi. Busara hiyohiyo wanayo mafundi wa kuchomelea wa Arusha, kuanzia Unga Limited hadi kata ya Engutoto, wanaogeuza mabomba ya zamani kuwa mageti, engo kuwa kenchi na mapipa kuwa milango. Tumezoea kuwaita wabangaizaji. Hao ni wajenzi kamili, na ubingwa wao umo zaidi katika kuchagua kuliko kuunganisha.

Chuma chakavu hakiji na cheti. Fundi hukipima kwa grenda: chuma laini hutoa cheche ndefu zilizonyooka, cha springi hutoa cheche fupi zinazopasuka matawi matawi. Cha kwanza huchomeleka bila taabu. Cha pili kikichomelewa kabla ya kupashwa moto, hupata ufa pembeni mwa kiungo. Bomba lenye zinki huparuzwa kwanza, maana moshi wake mweupe huleta homa. Ujuzi huo ndio unaookoa nishati. Hata kuyeyusha tu huokoa: aluminiamu iliyokwishatumika ikiyeyushwa hula takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kuizalisha kutoka kwenye madini. Bomba la chuma linalotumika kama lilivyo halihitaji tanuru kabisa.

Wapo watakaosema skrepa haiaminiki, hasa kwenye ardhi ya Bonde la Ufa inayotikisika. Kwa nguzo na mihimili, wamesema kweli: nondo iliyokunjwa ikanyooshwa isirudi kwenye zege, iende kiwandani ikayeyushwe na kupimwa kwa viwango vya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Lakini geti, dirisha na paa la banda havibebi ghorofa. Wengine watataja wizi wa alama za barabarani zinazoishia kwenye mizani ya skrepa. Dawa yake ni kumbana mnunuzi asiye na kibali, asiyeuliza mzigo umetoka wapi. Kumnyima fundi malighafi hakumzuii mwizi.

VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya darasa, hivyo fundi asiye na cheti ana pa kwenda. Nawe mwenye nyumba, kabla hujaagiza geti jipya, muulize fundi ana nini uani. Akikuchagulia vizuri, mlipe kwa kuchagua kama unavyomlipa kwa kuchomelea.