Mikanda Iliyolowekwa Usiku Kucha

Dada yangu aliiloweka mikanda ya kiti cha gari cha mtoto kwenye ndoo: maji ya moto, sabuni ya unga na vifuniko viwili vya jiki. Mwanawe wa miaka miwili alikuwa ametapika maziwa wakirudi kutoka Kibaha, na safari ya Krismasi kwenda Moshi ilikuwa imebakiza siku tatu. Asubuhi akaianika kwenye kamba, juani. Nilipofika mchana ilikuwa imekauka, inanukia, na weusi wake umepauka hadi kufanana na chai ya rangi. Niliupitisha mmoja katikati ya vidole. Ulikuwa umekakamaa, na pembezoni vinyuzi vyembamba vilikuwa vimesimama kama malaika ya mkono wa mtu aliyeingiwa na baridi.

"Dada, mtoto tusimkalishe tena kwenye kiti hiki," nilimwambia.

Alinitazama, akautazama mkanda, akanyamaza. Alikuwa amefanya kile ambacho mama yeyote msafi angefanya, na hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili. Mikanda mingi mibovu niliyopata kuishika iliharibiwa na watu waliokuwa wakiitunza. Mmoja kaitia jiki, mwingine kaipulizia mafuta, mwingine kampelekea fundi cherehani aiongezee mshono palipochanika. Wote walikuwa na nia njema, na wote walikuwa wakishughulika na kitu ambacho hawajaambiwa kinavyofanya kazi.

Basi tuanze na utepe wenyewe. Ni nyuzi za poliesta zilizofumwa kwa kubanana, upana wake karibu sentimita 4.7, unene zaidi kidogo ya milimita moja. Kanuni namba 16 ya Umoja wa Mataifa, ambayo nchi nyingi zinaifuata, inataka utepe wa mkanda wa gari uhimili mvuto wa karibu tani moja na nusu kabla ya kukatika. Kiasi hicho kinaonekana kikubwa mno mpaka upige hesabu. Chukua mtoto wa kilo 12 kwenye gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, likasimamishwa na ukuta ndani ya nusu mita. Kwa muda huo mfupi mtoto yule anavuta kwa nguvu ya karibu kilo 240. Hakuna mikono ya mama itakayomzuia. Mtu mzima wa kilo 70 anavuta karibu tani 1.4, na kama mkanda wake ulikuwa umelegea, huenda ikazidi.

Utepe hauhimili tu, pia unavutika kidogo. Nyuzi zinarefuka na kuupa mwili nafasi ya kupunguza mwendo badala ya kusimamishwa ghafla. Kurefuka huko kumepimwa kiwandani, na kunategemea nyuzi zibaki kama zilivyotoka huko. Dawa za kung'arisha nguo, rangi za kutia, petroli na viyeyusho vingine vinaweza kuzidhoofisha nyuzi hizo, na jua kali la miaka mingi linafanya vivyo hivyo polepole. Ndiyo maana vitabu vya magari vinakataza jiki na rangi. Huwezi kuuangalia utepe uliolowekwa ukasema umebakiwa na nguvu kiasi gani. Vinyuzi vilivyosimama nilivyoviona kwa dada vilikuwa dalili tu, na mkanda mwingine ungeweza kudhoofika pasipo dalili yoyote.

Namna mkanda unavyokaa mwilini nayo ina sababu zake. Nils Bohlin, mhandisi wa Sweden, alitoka kwenye kiwanda cha ndege cha Saab, alikokuwa akishughulika na viti vya kumrusha rubani nje ya ndege, akaingia Volvo mwaka 1958. Mwaka uliofuata magari ya Volvo yakaanza kutoka na mkanda wake wa ncha tatu, huu tunaoutumia hadi leo, na kampuni ikawaachia watengenezaji wengine wautumie bila malipo. Bohlin alitaka mambo machache tu. Mtu aweze kuufunga kwa mkono mmoja. Mkanda ukae juu ya mifupa, yaani nyonga, kifua na mfupa wa bega, usikae juu ya tumbo. Na ukae bila kulegea. Ukiyaelewa hayo, matunzo yote yanajieleza yenyewe, kwa kuwa uchafu unaleta kulegea, na kulegea kunauhamisha mkanda kutoka kwenye mfupa.

Hili nililiona vizuri zaidi kwenye gereji moja hapa Dar es Salaam. Ililetwa Noah iliyotoka Japani, mkanda wa dereva haurudi wenyewe. Ukiuachia unabaki unaning'inia, mlango unaubana, na makali ya mlango yalishaanza kuukata ukingoni. Kijana wa gereji alichukua kopo la mafuta ya kupulizia akataka kuelekeza mrija kwenye tundu la chini ya nguzo, mle mkanda unamozamia. Fundi mkuu akamshika mkono. Alichukua kitambaa cheupe, akakilowesha maji ya sabuni, akakipitisha ndani ya ile pete ya juu, karibu na bega la dereva, ambamo mkanda unageukia. Kikatoka cheusi tii. Akakipitisha tena, bado kikatoka cheusi. Jasho, vumbi la barabarani na mafuta ya nywele ya miaka kumi na kitu vilikuwa vimeganda mle ndani kama nta.

Akauvuta mkanda mpaka mwisho wake, akaubana kwa kibanio karibu na tundu ili usirudi, akauweka juu ya taulo. Sabuni ya maji kidogo sana kwenye maji ya vuguvugu, brashi laini ya nguo, akasugua kwa kufuata urefu wa mkanda, pande zote mbili. Akaufuta sabuni kwa kitambaa chenye maji safi, mara tatu nne, bila kumwagia maji. Kisha akamwambia mwenye gari aliache lilale pale, mkanda ukiwa nje. Aliogopa unyevu uingie na mkanda ndani ya kasha ambamo unajikunja, maana ukifungiwa mle unaleta ukungu kwenye utepe na kutu kwenye chuma. Asubuhi alipotoa kibanio mkanda ulijirudisha wenyewe hadi juu, ukapiga nguzo: tap! Kazi yote iligharimu sabuni ya mia mbili na subira ya usiku mmoja.

Na yale mafuta? Yangeusaidia mkanda kuteleza kwa wiki moja. Baada ya hapo yangenasa vumbi na kuwa tope, ndani ya kasha lenye springi laini na meno madogo ambayo kazi yake ni kushika, siyo kuteleza. Kasha lile lina akili za aina mbili. Moja inahisi gari: kijigololi, au kijirisasi kinachoning'inia, kinasogea gari linapofunga breki kali au kuinama, kinainua jino, mkanda unakwama. Ya pili inahisi mkanda wenyewe: ukivutwa kwa ghafla unajifunga. Kwa hiyo gari likiegeshwa mlimani na mkanda ukagoma kutoka, mara nyingi si ubovu, ni kile kijigololi kimeegemea upande. Jaribio la kufanya nyumbani ni jepesi: vuta taratibu, uje bila shida, vuta kwa kushtua, ushike papo hapo. Fanya hivyo kwa kila kiti, hasa vya nyuma ambako hakuna anayejaribu. Usioshika, na uliooshwa ukakauka bado haurudi, hautengenezwi. Unabadilishwa wote pamoja na kasha lake.

Nasisitiza hilo kwa sababu ndani ya makasha mengi ya siku hizi mna baruti. Gari likigonga, kompyuta inailipua, na mkanda unavutwa kumkaza abiria kitini kabla mwili haujaenda mbele. Waya zake kwa kawaida zina plagi za rangi ya njano. Fundi anayefungua kiti au nguzo bila kuchomoa kwanza waya za betri na kungoja dakika zinazotajwa na kitabu cha gari hilo, anaweka mkono wake hatarini. Baruti ikishalipuka haijazwi tena. Kwenye makasha mengi mna pia chuma kinachojisokota ili kumpunguzia mtu mkazo wa kifua, nacho kikishajisokota kazi yake imekwisha. Mkanda uliookoa maisha ya mtu kwenye ajali mbaya umeshamaliza kazi yake.

Kwetu sisi tunaonunua magari yaliyotumika, ukaguzi wa mikanda ungetangulia hata ule wa injini. Vuta kila mkanda mpaka mwisho. Pitisha vidole kwenye kingo zake. Angalia pale unapogeukia kwenye pete: ukikuta pameng'aa kama plastiki iliyopita karibu na moto, au utepe una mawimbi, jua ulishawahi kubeba mzigo mkubwa. Angalia lebo iliyoshonwa chini, mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa, na tarehe hiyo isiachane sana na umri wa gari. Taa ya mifuko ya hewa kwenye dashibodi iwake unapofungua swichi, kisha izime. Isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayogoma kuzima, kwa sababu wapo wanaoichezea isimstue mnunuzi.

Kisha makava ya viti! Gari likifika tu mtaani linavikwa makava, na vifungio vya nyuma vinazikwa chini yake. Nimepanda magari ambayo abiria wa nyuma alihitaji kuchimba kwa vidole kutafuta kifungio, akakata tamaa kabla ya taa za kwanza. Vifungio hivyo vitolewe juu ya kava leo, kabla ya kazi nyingine yoyote. Na vile vyuma vinavyochomekwa kwenye kifungio ili kengele inyamaze, vitupwe.

Kwenye magari ya abiria shida ina sura nyingine. Kenya, kanuni zilizosimamiwa na waziri John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, kila kiti cha matatu kilitakiwa kuwa na mkanda. Mikanda ikafungwa. Miaka kadhaa baadaye nilipanda moja Nairobi nikiwa na shati jeupe, nikajifunga, nikashuka na mstari wa kahawia kutoka bega hadi kiunoni. Jirani yangu alikuwa ameukalia wa kwake, na siwezi kumlaumu sana. Utingo anapiga deki sakafu na kufuta vioo kila jioni, lakini mkanda haumo kwenye orodha yake. Kitambaa chenye sabuni mara moja kwa wiki kingefanya watu wengi zaidi wajifunge.

Nirudi kwenye kiti cha mtoto, maana kina masharti makali kuliko mkanda wa mtu mzima. Kava la kitambaa kwa kawaida hufuliwa, kwa maelekezo yaliyo kwenye lebo yake. Mikanda yake hufutwa tu kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini ikiwa bado iko kwenye kiti, isipokuwa kitabu chake kiseme vingine. Hailowekwi, haipigwi pasi, haitiwi kwenye mashine. Kifungio kikinata kwa juisi na makombo ya biskuti, kisuuzwe kwa maji ya vuguvugu bila sabuni wala mafuta, kibonyezwe mara kadhaa, kiachwe kikauke. Kabla ya kuvua chochote piga picha kwa simu, mbele na nyuma. Nimeshakuta mkanda uliorudishwa ukapitishwa tundu moja tu la chuma kilicho nyuma ya kiti badala ya mawili. Kwa macho ulikaa sawa, kwa mkono uliteleza wote.

Mtoto akishafungwa, jaribu kuufinya utepe wima kwenye mfupa wa bega kwa vidole viwili. Ukipata mkunjo wa kushika, umelegea. Kiti chenyewe kikishikwa pale mkanda wa gari unapopita kisicheze zaidi ya sentimita mbili na nusu. Mtoto mchanga ageuziwe nyuma, na kamwe asiwekwe mbele ya mfuko wa hewa ambao haujazimwa.

Viti hivi pia vina mwisho. Plastiki yake inachoka kwa joto, na gari lililoegeshwa juani Dar es Salaam ni tanuri. Watengenezaji wengi huandika tarehe, kati ya miaka sita na kumi tangu kutengenezwa, chini au mgongoni mwa kiti. Cha dada kilikuwa zawadi ya mtumba kutoka kwa rafiki, hakina kitabu, na aliyekuwa nacho kabla yake hajulikani. Tulikipindua. Tarehe ilikuwa imepita kwa miaka minne, na ndani ya kava ile foamu nyeupe ilikuwa na ufa unaoweza kuingiza kucha.

Safari ya Moshi iliahirishwa siku moja, kikanunuliwa kipya. Cha zamani hatukukiacha jalalani kikiwa kizima, kwa sababu kingeokotwa, kikapanguswa, kikauzwa. Dada alileta mkasi wa kushonea. Haukuingia, utepe ule uliodhoofika bado uliushinda. Akarudi jikoni akachukua kisu cha kukatia nyama, akaikeketa mikanda vipande vipande, mmoja baada ya mwingine, mimi nikiwa nimeushikilia ukakaza. Alipomaliza akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika mgongoni mwa plastiki kwa herufi kubwa: KIBOVU, USIMKALISHE MTOTO.