Bustani Moja, Mji Mzima

Bustani ya mjini haihukumiwi kwa maua yake. Huhukumiwa kwa swali jepesi: je, mtu asiye na senti mfukoni anaweza kuketi humo hata jua likazama, asiulizwe amefuata nini? Kwa kipimo hicho naitazama Forodhani, bustani iliyo mbele ya Ngome Kongwe, Unguja.

Jina lake latukumbusha kazi ya zamani ya mahali hapo, nayo ni kupakua mizigo na kutoza ushuru. Bustani yenyewe ilitengenezwa mwaka 1936, kuadhimisha miaka 25 ya Sultani Khalifa bin Haroub katika kiti. Ilianza, basi, kama sherehe ya mtawala. Wananchi ndio walioigeuza kuwa baraza yao. Miaka ikapita, ikachakaa, mpaka ilipofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya kutengenezwa na shirika la Aga Khan la utamaduni.

Kazi ile ilifanywa kwa adabu. Halikujengwa ghorofa la kuipa bahari kisogo. Ukuta wa pwani uliimarishwa, njia zikapangwa, taa zikawekwa, na miti mikubwa ikaendelea kutoa kivuli. Sifa kubwa kabisa, hata hivyo, wanaitoa vijana wa makachu. Maji yakijaa, hukimbia wakajirusha baharini kutoka juu ya ukuta, mmoja kichwa chini, mwingine amejikunja kama kamba, na umati ukishangilia. Mchezo huo haukuletwa na mhandisi. Lakini mahali panapouruhusu pana uhai, na watazamaji hawakatiwi tiketi.

Kasoro inajitokeza magharibi ikishaingia. Meza za mishikaki, pweza, urojo na juisi ya miwa hutawala, na aghalabu bei ina ndimi mbili, moja ya mgeni na moja ya mwenyeji. Sikatai biashara, watu wanakula kwa jasho lao. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji ampishe mgeni kitini.

Hata hivyo, lawama nzito si ya bustani, ni ya mji. Mwaka 2012 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu karibu laki 6. Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu karibu laki 9. Watu laki 3 katika miaka 10! Wengi hawaishi Mji Mkongwe. Wako Fuoni, Kisauni na kwengineko, ambako nyumba zimeota ukuta kwa ukuta. Mtoto wa huko akitaka kucheza penye upepo wa bahari, mzazi wake hana budi kumpandisha daladala, na nauli ya watu watano kwenda na kurudi ni kitoweo cha siku. Kwa familia hiyo, bustani ya bure si ya bure tena.

Wakati huo huo pwani inazidi kupungua. Pale Shangani, jengo la kale la Mambo Msiige liliingizwa katika hoteli kubwa iliyofunguliwa mwaka 2015, na Kamati ya Urithi wa Dunia ililalamikia ujenzi ule. Malalamiko hayakurudisha hatua moja ya mchanga. Ndiyo tabia ya pwani: ikishajengwa, haidaiki.

Kwa hiyo nasema, tusiridhike kuisifu Forodhani kwa wageni na kuipiga picha. Tuifanye kielelezo. Huko Fumba, kusini ya mji, makaazi mapya yanaendelea kujengwa karibu na bahari. Mpimaji anapochora viwanja, ukanda wa pwani uwe wa kwanza kutengwa kwa ajili ya wote, kabla ya kiwanja cha kwanza kupata mnunuzi. Bustani inayoachwa mpaka nyumba ziishe hupewa kipande kilichobaki, na kwa kawaida kipande kilichobaki ni jaa.