Sakafu ya Karakana na Fundi Anayejua Kungoja

Mtu akiamua chumba cha gari kiwe karakana yake, mara nyingi hukimbilia duka la vigae. Vinang'aa, sikatai. Lakini nyundo ikidondoka kigae hupasuka, na vumbi la mbao likitanda juu yake miguu huteleza. Mimi natetea saruji iliyopigwa niru, ilimradi aliyeipiga awe fundi wa kungoja.

Zege la sentimita 10, kwa uwiano wa 1:2:4, humwagwa juu ya nailoni nzito inayozuia unyevu wa ardhini. Saidia fundi wanavuta rula, wanasawazisha, wananawa. Fundi mwenyewe anakaa. Maji yanapanda juu ya zege yanametameta, naye anayatazama tu. Mwenye haraka angeyanyunyizia saruji kavu yanywewe, apige mwiko, achukue hela yake. Sakafu hiyo hupendeza wiki za mwanzo. Baadaye ngozi yake ya juu hugeuka unga, ukawa kila siku unafagia sakafu yenyewe.

Fundi wetu hungoja mng'ao ufifie. Anakanyaga: wayo ukizama nusu sentimita hivi, wakati umefika. Anapiga magoti juu ya vipande vya ubao, anarudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, kwanza na kibao cha kusawazishia, kisha niru, yaani saruji iliyokorogwa uji mzito, halafu mwiko wa chuma. Mzunguko wa kwanza mwiko hulala bapa. Kila mzunguko unaofuata ukingo wake huinuliwa kidogo, kwa kuwa saruji inazidi kukaza na inataka kushindiliwa zaidi. Ukisimama pembeni utasikia mkwaruzo ukigeuka mlio mwembamba. Hakuna saa inayomwambia haya. Siku ya jua kali hubaki na muda mfupi sana, siku ya mawingu anaweza kumaliza chai yote.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba haing'arishi sakafu yote. Chini ya meza ya kazi huacha laini, nati ikianguka ionekane. Mlangoni, ambako viatu huingia na maji ya masika, hupitisha ufagio ili pakwaruze, na sakafu nzima huinamia huko sentimita moja kwa kila mita. Mistari ya kuongoza nyufa huikata kila mita 2.5 au 3.

Kisha maji: magunia yaliyolowa kwa siku 7 angalau, na nguvu kamili huhesabiwa siku ya 28. Anayetaka rangi ya epoksi abandike kwanza kipande cha nailoni sakafuni usiku kucha, kingo zote zizibwe kwa utepe wa gundi. Asubuhi akikuta matone chini yake, rangi isubiri, la sivyo itabanduka na tairi. Zulia la mpira halina masharti hayo: litandikwe mbele ya meza, miguu ipumzike, na patasi ikianguka isivunjike ncha.