Twiga Sita na Mzigo wa Napia

Twiga sita wamelala mchangani, shingo zimepinda, miguu imenyooka kila upande, na wewe unawatazama kutoka juu kama ndege. Ed Ram aliipiga picha hiyo tarehe 10 Desemba 2021, nje ya kijiji cha Eyrib, katika hifadhi ya jamii ya Sabuli, kaunti ya Wajir. Kama ulikuwa na simu mwezi ule, uliiona. Huku Kisii ilitufikia mvua ikinyesha, ikaruka kutoka kundi moja la WhatsApp hadi lingine, na kila ilipotua iliacha swali lile lile: mbona hawakupelekewa nyasi?

Swali si baya. Ila nadhani picha yenyewe inatufundisha kuliuliza vibaya.

Hebu itazame tena. Kinachoshika jicho ni mpangilio. Ile miili imekaa kama petali za ua, na madoa ya ngozi yanang'aa juu ya udongo mtupu. Ni picha nzuri, na uzuri wake ndio unaoumiza. Hakuna mtu, hakuna ng'ombe wala nyumba. Unaondoka ukiamini kwamba twiga hawa walikusanyika hapo wenyewe wakafa pamoja, mbali na binadamu yeyote, na kwamba kilichokosekana ni mtu mmoja mwenye huruma na lori.

Sasa soma maelezo yaliyoandikwa chini ya picha, ambayo watu wengi waliyakata kabla ya kuituma. Twiga wale hawakufia pale. Walikuwa wamedhoofika kwa njaa na kiu, wakaenda kunywa kwenye bwawa lililokuwa karibu kukauka, wakakwama kwenye matope. Baadaye mizoga iliondolewa na kuletwa pale ili maji ya bwawa yasichafuke. Yaani lile ua limepangwa na mikono ya watu, watu waliokuwa bado wanahitaji yale maji. Bwawa lilikuwa moja, na kiu ilikuwa moja. Wenye mikono hawapo pichani.

Simlaumu mpiga picha. Aliyaandika yote, sisi ndio tulioyakata. Lakini picha ikishapoteza maelezo yake inakuwa hadithi nyingine, na hadithi hiyo ina mhusika mmoja tu wa kuhurumiwa. Wizara ya Utalii ilipotoa hesabu ya ukame ule, kuanzia Februari hadi Oktoba 2022, ilitaja tembo 205, nyumbu 512, punda milia wa kawaida 381, nyati 51, punda milia wa Grevy 49 na twiga 12. Nyumbu 512, na sikumbuki picha hata moja ya nyumbu iliyonifikia kwenye simu. Mifugo iliyokufa nchini ilipita milioni 2. Hiyo nayo haikupata ua lake.

Kuna kitabu kilichotangulia kutufundisha kutazama hivi. Mmarekani Peter Beard alichapisha The End of the Game mwaka 1965, kisha akakitoa upya mwaka 1977 akiwa ameongeza mizoga ya tembo wa Tsavo. Ukame wa 1970 na 1971 uliua tembo kwa maelfu pale. Kabla ya hapo kulikuwa na ugomvi mkali: mtafiti Richard Laws alitaka tembo wapunguzwe kwa bunduki wasije wakamaliza miti yote, naye mkuu wa hifadhi, David Sheldrick, akashikilia kwamba maumbile yaachwe yafanye kazi yake. Beard alipanda ndege akapiga picha za matokeo. Ukurasa baada ya ukurasa, mizoga imetawanyika kwenye ardhi kavu, kila mmoja kama doa la wino.

Nakiheshimu kitabu hicho kwa kukataa kubembeleza. Hakimwambii msomaji kwamba upendo peke yake unalisha. Lakini zile picha za angani zina upofu ule ule wa picha ya Sabuli. Tsavo ilitangazwa hifadhi mwaka 1948. Kabla yake, na hata baadaye kidogo, Wawaata waliwinda tembo huko kwa upinde na mishale ya sumu. Miaka ya 1950 wakakamatwa na kufungwa jela kama majangili. Kwa hiyo "maumbile" yaliyoachwa yafanye kazi yake yalikuwa yameshaondolewa watu, na mipaka ilikuwa imeshachorwa. Ukimfunga mbuzi kamba kisha ukakunja mikono, huwezi kusema umemwachia Mungu.

Mtu wa Kisii au Nyamira hahitaji mtaalamu kumwelezea jambo hili. Mashamba yetu yamegawanywa hadi ng'ombe hana pa kuchungwa, kwa hiyo anakaa bandani na napia inamfuata. Mama yangu hukata mzigo asubuhi na mwingine jioni, na kiangazi kikikaza hununua kwa jirani kwa bei ya kukosana. Hajawahi kuliita jambo hilo huruma. Ng'ombe amefungwa, basi anakatiwa.

Kipimo hicho hicho nakipeleka porini. Twiga au tembo ambaye njia zake za kufuata mvua zimezibwa na ua, barabara au shamba ni nusu wa bandani tayari, na marobota ya nyasi anayopelekewa ni deni. Waholanzi walilijua hili kwa uchungu. Majira ya baridi ya 2017 kuingia 2018, katika hifadhi ya Oostvaardersplassen iliyozungushiwa ua, zaidi ya wanyama 3,000 walikufa: ng'ombe, farasi na kulungu wa Ulaya wenye pembe za matawi. Wengi walipigwa risasi na walinzi kabla njaa haijawamaliza. Wananchi wakawa wanarusha nyasi juu ya ua. Wenye hifadhi walitetea maumbile, lakini ua ulikuwa wao.

Mnyama ambaye njia yake bado iko wazi ni habari nyingine. Huyo nyasi zaweza kumponza: zinawarundika wengi mahali pamoja, wanaambukizana magonjwa, fisi wanajua pa kusubiri, na ile akili ya kuhama inalala. Na kulisha nako kuna swali la nani analiwa. Februari 2010, baada ya ukame kufagia Amboseli, Shirika la Wanyamapori la Kenya lilianza kuhamishia huko punda milia na nyumbu, mpango ukiwa wanyama 7,000, ili simba na fisi waache ng'ombe wa Wamaasai. Msaada wa chakula ulishuka kwenye lori ukiwa na miguu minne. Hiyo haikusambaa WhatsApp kama ua la twiga, maana haijui pa kuweka machozi.

Picha ninayoitaka mimi ni ya Samburu, ambako wahifadhi wamewawekea punda milia wa Grevy nyasi kavu wakati wa ukame. Wamebaki kama 3,000 tu duniani, sioni ubishi wa kuwaokoa. Lakini mpiga picha arudi nyuma hatua ishirini, tumwone pia mchungaji aliyesimama karibu na ng'ombe wake waliotokeza mbavu, akitazama robota likifunguliwa. Tuone uso wake. Mtu akiweza kuitazama picha hiyo bila kumkata mchungaji, tutakuwa tumeanza kuongea.

Sisi huku, kwa kweli, tulimaliza mjadala kwa kumaliza pori. Waulize Abanchari mnyama wa ukoo wao, watakwambia engubo, kiboko. Jina limebaki vilimani, mwenyewe hayupo. Wa porini ninaowaona mimi ni tumbili, wanaoshuka kwenye mahindi yakianza kukomaa. Jirani yangu, aliyenitumia wale twiga akiwa ameweka nyuso tano za kulia, huwafukuza kwa manati. Nilipomuuliza kuhusu hilo alicheka. "Hao si nawalisha kila siku?" akasema. "Twende uone migomba yangu."