Igloolik Walipoikataa Televisheni

Shirika la utangazaji la Kanada, CBC, lilianza televisheni mwaka 1952. Setilaiti ya Anik iliporushwa mwaka 1972, picha zikaweza kufika hata kwa Wainuiti wa kaskazini. Shirika likahesabu huko ni kukua. Lakini vipindi vilitoka kusini, vingi kwa Kiingereza: mjukuu acheke, babu asijue kinachochekesha! Kijiji cha Igloolik kilipiga kura mara mbili, 1975 na 1979, kikaikataa. Usidhani, ndugu msomaji, waliogopa mashine. Walitaka Kiinuktitut chao kisikike humo kwanza. Waliikubali 1983, Wainuiti walipokwisha kuwa na shirika lao la vipindi. Zacharias Kunuk wa Igloolik alifanya kazi humo, kisha filamu yake Atanarjuat, kwa Kiinuktitut kitupu, ikatuzwa Cannes mwaka 2001.